Je, Wajua? Giaboksi ya Otomatiki Huuawa na Joto Kabla ya Umri

Je, wajua kwamba kinachoivuta Probox ya otomatiki ikipita Kalemng'orok kuelekea Lokichar, Turkana, imesheheni abiria na magunia, ni karatasi? Ndani ya giaboksi hiyo mna pleti nyembamba za klachi, na juu ya chuma cha kila pleti umebandikwa utando wa nyuzinyuzi za karatasi zilizoloweshwa gundi na kuokwa mpaka zikakakamaa. Kwa kawaida utando huo haufiki unene wa milimita 1. Mafuta yakisukumwa kwa shinikizo, pleti hubanana, gia hushika na gari huondoka. Ubunifu wenyewe ni wa zamani: General Motors ilianza kuuza giaboksi yake ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na mpango wa msingi wa gia za sayari zinazoongozwa na shinikizo la mafuta haujabadilika sana tangu hapo. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha, yanayobana klachi, yanayopitisha nguvu ya injini na yanayobeba joto kulitoa nje. Ndiyo maana gari kuukuu kutoka Japani linapokataa kushika gia barabarani Turkana, swali linaloulizwa kila karakana, kwamba tuifungue tuitengeneze au tununue nyingine, huja mapema mno. La kutangulia ni hili: nini kimeiua?

Mara nyingi jibu ni joto, na hesabu yake si ngumu. Mafundi na wakemia wa mafuta wana kanuni ya kukadiria kwamba, mafuta yakishapita nyuzi 90 hivi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Lodwar joto la mchana hukaribia nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka ni kama milimita 200. Hewa inayopita kwenye radieta tayari ni ya moto kabla haijafanya kazi yoyote. Juu ya hapo weka mzigo. Toyota ilipanga Probox ya mizigo ibebe kilo 400 ikiwa na watu 2 tu, na yeyote aliyeona inavyopakiwa kati ya Kitale na Lodwar anajua kwamba kipimo hicho hakikumbukwi na mtu. Kisha kuna mchanga wa laga, yaani ile mito mikavu inayokatiza njia. Gari likinasa na dereva akikanyaga mafuta huku magurudumu yanagoma kuzunguka, nguvu ya injini haina pa kwenda ila kuyachemsha mafuta yaliyo ndani ya toki konvata, kile kiungo cha mafuta kinachopokea nguvu ya injini na kuipitisha kwenye giaboksi. Tuseme injini inatoa kilowati 20 tu, yaani sawa na birika 10 za umeme za kilowati 2 zilizotumbukizwa katika lita 6 za mafuta. Joto lingepanda nyuzi 2 hivi kila sekunde. Nusu dakika ya ukaidi inatosha kubabua karatasi ile. Na bado hatujafika mlima wa kutoka Marich kupanda Kapenguria, ambapo gia za chini hufanya kazi kwa muda mrefu na upepo wa kupoza ni haba kwa sababu gari linatambaa.

Msomaji aliyeishi Oman au Dubai atapinga: kule kuna joto kuliko Turkana na otomatiki zimejaa barabarani. Ni kweli, lakini magari mengi yanayouzwa mapya Ghuba hutengenezwa kwa ajili ya soko hilo, na kupozwa ni jambo la kwanza linaloongezwa. Ya kwetu yalitengenezewa Japani. Kwamba Tokyo nayo hufika nyuzi 35 mwezi Agosti nakubali, ila huko gari hilo lilitembea kwenye lami, likiwa na mtu mmoja au wawili, na msimu wa joto ulipita. Linafika hapa likiwa limekwisha kula miaka, maana sheria ya Kenya inaruhusu magari yenye umri wa hadi miaka 8. Kuanzia Januari 2025 shirika la viwango KEBS lilitaka yawe yamesajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye. Mafuta ya giaboksi yanayokuja nayo huenda ni yale yale ya kiwandani. Wauzaji hupenda kusema kwamba mafuta hayo ni ya maisha yote. Vitabu vingi vya magari, ukivisoma mpaka kurasa za huduma, vina sehemu ya matumizi magumu: joto kali, vumbi, mizigo mizito, mwendo wa polepole wa muda mrefu. Humo muda wa kubadilisha mafuta unafupishwa. Turkana ni matumizi magumu kwa kila kipimo hicho.

Basi ushahidi husomwa vipi? Kwanza kwa mafuta yenyewe. Yakiwa mapya mara nyingi ni mekundu na angavu. Yakiwa kahawia na yananuka kuungua, karatasi imeungua. Yakiwa na vipande vya chuma vinavyomemeta ukiyapitisha kwenye kitambaa cheupe, ugonjwa umevuka klachi na kufika kwenye bearingi na gia. Rangi ya waridi, nzito kama povu, ni habari nyingine kabisa: maji ya radieta yameingia. Katika magari mengi bomba la kupoozea mafuta ya giaboksi limepita ndani ya tangi la radieta, na likitoboka maji na mafuta huchanganyika. Gundi inayoshikilia karatasi hulegea na utando ukabanduka. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Turkana yana chumvi, na dereva anayeyajaza kwenye radieta mwaka hadi mwaka analiozesha bomba hilo. Baada ya mafuta, isomwe kompyuta ya gari. Wakati mwingine kosa ni solenoidi moja, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme, au waya uliokatika, kitu kidogo ambacho hakimlazimu mtu kushusha giaboksi nzima. Wapo wanaoona ada ya mashine ya kusomea kompyuta kuwa hasara, kwa kuwa fundi mzoefu anajua kwa kusikiliza. Fundi mzoefu husikia kwamba gia inateleza. Kwa nini inateleza, sikio pekee haliwezi kumwambia.

Hapa huja imani inayopatikana katika kila stendi: usibadilishe mafuta ya giaboksi ya zamani, ukibadilisha inakufa. Haikuzuka hewani. Watu wengi hukumbuka mafuta siku gia zimekwisha anza kuteleza, na kwa kuwa giaboksi hufa wiki chache baadaye, lawama huangukia kitu cha mwisho kilichofanywa. Karatasi iliyokwisha hairudishwi na mafuta yoyote. Kuna ukweli mwingine pia, kwamba kusafisha kwa mashine ya kusukuma kwa nguvu kunaweza kutimua uchafu uliokuwa umetulia ukaziba vijia vya vali. Kwa giaboksi ambayo bado inashika gia vizuri, njia ya busara ni kumwaga kwa nati ya chini, kujaza aina ile ile iliyotajwa na mtengenezaji, na kurudia baada ya muda, kwa sababu mmwago mmoja hutoa karibu nusu tu ya mafuta. Mengi ya yaliyobaki yamo ndani ya toki konvata.

Ikishathibitika kwamba klachi zimeungua, ndipo ule ubishi wa karakana unapopata nafasi yake, nami nina upande. Kuifungua na kuweka pleti mpya ni njia nzuri penye chumba safi, geji za shinikizo na seti kamili ya spea. Vali za ndani zimepishana kwa sehemu za mia za milimita, na chembe moja ya vumbi hutosha kukwamisha vali. Kuifungua chini ya mti kando ya barabara ambako upepo haulali ni kuialika chembe hiyo, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa sehemu hii, giaboksi iliyotumika kutoka Japani, inayonunuliwa Nairobi au Kitale, ndiyo chaguo la kawaida lenye maana. Mpinzani atasema hiyo ni bahati nasibu, na hajakosea sana: hakuna ajuaye imetembea wapi. Lakini bahati nasibu hiyo mara nyingi hupotezwa na gari lenyewe. Unga wa chuma na karatasi kutoka giaboksi ya kwanza umelala ndani ya mabomba na kipoozeo cha zamani. Ukifunga giaboksi nyingine bila kuvisafisha au kuvibadilisha, unaimwagia uchafu huo siku ya kwanza. Ongeza kipoozeo cha nje mbele ya radieta, ambacho gharama yake ni sehemu ndogo ya giaboksi, na hapo umegusa chanzo.

Wanaosema dawa ni kununua gia za mkono wana hoja, hasa kwa anayenunua gari leo. Kwa aliye na otomatiki tayari, kuigeuza hudai pedali, waya, kompyuta na giaboksi nyingine, na mara nyingi bei hupita thamani ya gari. Anayebaki na otomatiki ajue pia aina aliyonayo: Probox nyingi zilizotengenezwa tangu 2014, kwa upande wa otomatiki, zina giaboksi ya CVT yenye mkanda wa chuma badala ya gia za hatua, na kosa la kuijaza mafuta ya otomatiki ya kawaida halisameheki humo.

Mwenye gari lililokwama Kalemng'orok, usikubali livutwe kwa kamba hadi Kitale huku magurudumu yanayoendeshwa yakigusa barabara. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, gia zinasagana bila mafuta, na tatizo la solenoidi linaweza kufika Kitale likiwa giaboksi iliyokufa. Tafuta lori la kulibeba. Na kabla hujatuma pesa za giaboksi nyingine, piga picha kibati cha chuma kilicho chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango: namba ya giaboksi imeandikwa hapo, na muuzaji ambaye namba ya giaboksi yake hailingani na hiyo usimlipe.