Ndevu za mti si ugonjwa

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji uliyeshika gazeti hili, juma hili tuzungumze juu ya ndevu za miti.

Ukitoka Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile iendayo Tunduma, ukasafiri kama kilometa 60 hadi Njombe, utaona miti ikibadilika sura. Makambako magome mengi ni makavu. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, matawi ya mipichi na miparachichi yamevaa mabaka ya kijivu na kijani, na mengine yananing'iniza nyuzi kama ndevu za mzee.

Wakulima wengi huamini kuwa kitu hicho kinanyonya mti. Mzee mmoja wa pembeni mwa mji wa Njombe aliniambia kwamba kwanza aliuziwa dawa ya wadudu dukani. Ilipokosa kusaidia, akachukua shoka akakata mipichi minne.

Kitu hicho huitwa likeni, au kuvumwani, na jina hilo la pili linajieleza: ni kuvu na mwani katika mwili mmoja. Mwani tunaoujua zaidi ni ule unaolimwa baharini Paje na Jambiani, Unguja. Lakini upo mwingine wa seli moja tu, usioonekana kwa macho matupu. Kuvu nayo ni jamaa ya uyoga. Kuvu haiwezi kujitengenezea chakula. Mwani unaweza, kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Basi vimegawana kazi: kuvu ni nyumba, mwani ni jiko. Mswisi Simon Schwendener alipoeleza hayo miaka ya 1860, wataalamu wengi wa likeni walimpinga. Leo ni elimu ya kawaida.

Chukua likeni yenye umbo la jani, uikate na kuitazama kwa hadubini. Juu kuna ngozi ya nyuzi za kuvu zilizosongamana. Chini yake zimo seli za kijani za mwani, karibu na mwanga. Kisha zinafuata nyuzi zilizolegea kama pamba, zenye nafasi za hewa. Chini kabisa kuna ngozi nyingine yenye vinyuzi vya kushika gome. Vinyuzi hivyo hushikilia tu. Si mizizi, wala si mirija ya kunyonya utomvu. Ukitaka ushahidi, tazama mawe na vigae vya zamani: huko nako likeni huota. Nani amewahi kusikia jiwe limenyonywa?

Maji yake huyapata kutoka mvua, umande na ukungu, kwa mwili wake wote. Ndiyo maana inastawi Njombe kwenye ukungu kuliko Makambako kwenye upepo na ukavu. Na kwa kuwa hunywa kila kinachokuja na hewa, moshi mwingi huidhuru. Mwaka 1866 Mfini William Nylander aliandika kwamba likeni zilizostawi katika bustani ya Luxembourg, mjini Paris, hazikuonekana kwingine mjini humo. Miti yenye ndevu nyingi mara nyingi hushuhudia hewa safi.

Utaniuliza, mbona mti mgonjwa ndio wenye ndevu nyingi? Mti ukidhoofika hupukutisha majani, mwanga hupenya hadi kwenye matawi ya ndani, na likeni hupata jua. Ndevu zimefuata udhaifu, hazikuuleta. Daktari hamnyoi mgonjwa ndevu ili kumponya homa.

Kwa hiyo wewe mwenye shamba, au uliye mjini na umemwachia ndugu yako shamba huko nyumbani, kabla ya kununua dawa fukua kidogo shinani. Je, maji yametuama? Mizizi imeoza? Udongo umechoka? Tia samadi, fungua mifereji, pogoa matawi yaliyokufa. Mparachichi uliopandikizwa huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na shoka huumaliza kwa dakika chache.

Kwaherini hadi juma lijalo.