Mgonjwa Asiyeweza Kuketi

Mwaka 1977 jarida la Uingereza la magonjwa ya akili lilichapisha barua fupi kutoka Jerusalem. Watafiti wawili wasio na ugonjwa wowote wa akili, Robert Belmaker na D. Wald, walikuwa wamedungwa miligramu 5 za haloperidoli kwenye mshipa. Hiyo ni dawa wanayopewa watu wenye skizofrenia karibu kila pembe ya dunia, nao walitaka kujua inamfanya nini mtu mwenye akili timamu. Ndani ya dakika 10 mawazo yao yalianza kujikokota na miili ikawa mizito, huku ndani wasiwasi ukifukuta. Hawakuweza kusoma, kupiga simu wala kufanya kazi ndogo ya nyumbani kwa hiari yao, ingawa walipoamriwa na mtu mwingine walifanya. Usingizi hawakuusikia hata kidogo. Walishindwa kufanya kazi kwa zaidi ya saa 36.

Wao walijua kilichowasibu, na walijua kitapita. Mtu anayesikia sauti zikimtukana, aliyeletwa kliniki na kaka zake baada ya majuma ya kutolala, hana uhakika huo. Akisema moyo haumtulii tangu achomwe sindano, wanaomsikiliza wana jibu tayari: ni ugonjwa unaosema.

Hapo ndipo penye ugumu. Mikono ikitetemeka, shingo ikikakamaa, mate yakidondoka au mwili ukinenepa, kila mtu anaona na dawa hulaumiwa upesi. Lakini haloperidoli na dawa za jamii yake hugusa pia hisia, utashi na fikra, na huko madhara yake huvaa sura ileile ya maradhi yanayotibiwa.

Tangu mwanzo jambo hili lilikuwa wazi, ila liliitwa mafanikio. Klopromazini, ya kwanza kati ya dawa hizi, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950 katika maabara ya Rhône-Poulenc. Henri Laborit, daktari wa upasuaji jeshini, aliitumia kupunguza mshtuko wa mwili wakati wa upasuaji, akaona wagonjwa wanabaki macho lakini hawajali kinachoendelea. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wa saikosisi, yaani waliopoteza mguso na uhalisia, katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza. Madaktari hao waliandika vilevile kwamba mgonjwa hukaa kimya, hujibu kwa kuchelewa na ni nadra kuanzisha mazungumzo. Kwa wodi za enzi hizo, ambako watu walifungwa na kuzamishwa kwenye maji baridi, sioni sababu ya kuwabeza walioshangilia.

Ilichukua miaka kadhaa kujua kwa nini dawa hiyo huwatuliza wagonjwa hivyo. Mwaka 1963 Arvid Carlsson wa Sweden, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alionyesha pamoja na mwenzake kwamba dawa hizi huingilia kazi ya dopamini. Kemikali hii ndiyo inayouambia ubongo kwamba jambo fulani lina uzito, lifuatwe. Shitij Kapur, aliyefanya utafiti wake Toronto, ameeleza kuwa katika saikosisi uzito huo hugawiwa ovyo: kikohozi cha jirani, pikipiki inayopita, sauti ya mtangazaji wa redio, vyote vinaonekana kumlenga mtu mmoja. Dawa inapoziba vipokezi vya dopamini, vitu hivyo hupungua nguvu. Wagonjwa wengi husema sauti bado zipo, lakini haziwasumbui tena kama zamani. Shida ni kwamba uzito uleule ndio unaomfanya mtu atamani chakula, amkumbuke rafiki, aamke asubuhi akiwa na la kufanya. Dawa haina namna ya kuchagua.

Kiasi nacho kina mpaka mwembamba. Mwaka 2000 Kapur na wenzake walichapisha vipimo vya picha za ubongo wa watu 22 waliougua kwa mara ya kwanza, waliopewa haloperidoli miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku. Nafuu iliongezeka pale asilimia 65 ya vipokezi ilipozibwa. Ilipopita asilimia 78, ukakamavu na kutotulia vilianza. Kati ya tarakimu hizo mbili ndimo daktari anamopaswa kupita. Ukikumbuka kuwa kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 5, utaelewa jinsi ilivyo rahisi kuvuka.

Hali ya kutotulia inaitwa akathizia. Jina lilibuniwa 1901 na Ladislav Haškovec, daktari wa Kicheki, nusu karne kabla ya dawa hizi kuwapo. Mgonjwa hawezi kuketi. Akisimama huhamisha uzito mguu huu na ule. Akilala anaamka atembee. Wengine hawasogei sana, bali wanateseka kimoyomoyo: hofu, hasira, hamu ya kuitoroka ngozi yao wenyewe. Imehusishwa pia na mawazo ya kujiua. Theodore Van Putten wa Marekani aliuliza mwaka 1974 kwa nini wagonjwa wa skizofrenia hukataa dawa, akakuta kwamba kukataa kuliambatana zaidi na madhara haya, hasa akathizia. Nyumbani tungesema ni kiburi, au kwamba hajijui kuwa anaumwa.

Na sasa angalia mkasa unavyoweza kujizungusha. Mgonjwa anazurura usiku, anafoka. Ndugu wanaripoti kuwa amezidiwa. Dozi inapandishwa, akathizia inakuwa kali, dozi inapandishwa tena.

Upande wa pili ni ukimya. Mtu ameacha kufoka, anakaa kibarazani kutwa, uso hauna mabadiliko, hataki kuoga wala kuongea. Familia inashukuru Mungu. Skizofrenia yenyewe huleta hali kama hiyo, na mfadhaiko pia, kwa hiyo hata mtaalamu mzuri hupata taabu kutenganisha. Dalili moja ya kutilia maanani ni wakati: je, ububu huu ulianza kabla ya dawa, au majuma machache baada ya dozi kubadilishwa? Fikra nazo huguswa. Klozapini, dawa yenye nguvu kuliko zote kwa wasiosaidiwa na nyingine, ina kituko chake: inaweza kuzusha mawazo ya kujirudiarudia na mazoea ya kukagua au kunawa mikono bila kikomo kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Asije mtu akasoma haya na kumwaga vidonge chooni. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2012 katika The Lancet ulionyesha kuwa, ndani ya mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya waliobaki kwenye dawa na asilimia 64 ya waliohamishiwa vidonge visivyo na dawa. Kuacha ghafla kunaweza pia kuleta wasiwasi na kukosa usingizi, vitu ambavyo navyo hudhaniwa kuwa ni ugonjwa.

Kinachowezekana ni kurekebisha: kupunguza dozi taratibu, kubadili dawa, au kuongeza propranololi, dawa ya moyo na presha ambayo huwasaidia baadhi ya wenye akathizia. Katika kliniki za umma za Tanzania na Kenya, ambako haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini bado ni dawa za kila siku, mgonjwa mara nyingi hupewa Artane. Hiyo hulegeza misuli iliyokakamaa, lakini kwa akathizia haina msaada mkubwa.

Kuigundua hakuhitaji mashine. Kipimo alichokitunga Thomas Barnes wa Uingereza mwaka 1989 kinataka mgonjwa atazamwe akiwa ameketi kwa angalau dakika 2, kisha akiwa amesimama kwa dakika 2, katika mazungumzo ya kawaida. Halafu anaulizwa, yeye na si kaka yake: unahisi nini miguuni, unaweza kuituliza ukitaka, na hilo linakutesa kiasi gani?