TARAKIMU NDOGO ZA JUU NA CHINI YA MSTARI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaarifiwa kwamba, katika nyaraka zinazopelekwa kwa kompyuta na simu, tarakimu ndogo zinazoandikwa juu au chini ya mstari mara nyingi humfikia mpokeaji zikiwa tarakimu za kawaida. Jambo hili huonekana dogo, lakini si dogo pale ambapo tarakimu ndiyo hoja yenyewe.

Mfano tunauchukua Bara, katika Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, kwa kuwa nyaraka zinazohusu sehemu hizo hukusanya takriban aina zote za tarakimu hizo. Mji wa Mikumi umo wilayani humo, na Hifadhi ya Taifa yenye jina hilo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina eneo la km² 3,230, yaani ni kubwa kuliko Unguja na Pemba zikiunganishwa. Aidha, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 baadhi ya vijiji vya Kilosa vilikuwemo katika mradi wa majaribio wa kupunguza hewa ukaa kwa kuhifadhi misitu, chini ya TFCG na MJUMITA, kama ulivyokuwa mradi wa HIMA hapa Visiwani. Kazi ya namna hiyo haiwezi kukwepa CO₂, wala m³ za magogo, wala km² za msitu.

Ikiandikwa "km2" badala ya km², msomaji mzoefu ataelewa. Hatari iko kwingine. Tuseme ripoti imetaja vijiji 14¹, na ile moja ndogo inamwelekeza msomaji kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Sentensi hiyo ikinakiliwa kwenye ujumbe wa simu, vijiji huwa 141. Hali kadhalika tani 3 × 10⁶, ambazo ni milioni tatu, huwa 3 × 106, yaani 318. Hapana mashine itakayomzindua mpokeaji kwamba pana kosa, kwani hesabu zote mbili zinasomeka.

Sababu yake ni kwamba ziko namna mbili za kuandika tarakimu hizi, nazo kwa macho hufanana. Ya kwanza ni pambo: tarakimu ni ile ile ya kawaida, ila programu imeagizwa kuipunguza na kuipandisha. Ya pili ni herufi kamili yenye nambari yake katika orodha ya kimataifa ya herufi iitwayo Unicode. Pambo hudondoka maandishi yanapohamia programu isiyolijua. Herufi husafiri nayo. Aliyesoma chuoni atakumbuka fatha na kisra: zikiondolewa, herufi hubaki, lakini usomaji huachiwa msomaji abahatishe.

Katika programu ya Word, pambo la juu hupatikana kwa kushikilia Ctrl na Shift, kisha kubonyeza kitufe chenye alama za kujumlisha na sawasawa. La chini kwa Ctrl na kitufe hicho hicho bila Shift. Katika Google Docs ni Ctrl na nukta kwa juu, Ctrl na mkato kwa chini. Njia hizi zafaa kwa waraka utakaochapishwa kwenye karatasi.

Kwa herufi kamili, mwenye kompyuta ya Windows ashikilie Alt na kuandika 0178 kwa vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia, apate ². 0179 humpa ³. Ndani ya Word, akiandika 2082 kisha akabonyeza Alt na X kwa pamoja, hupata ₂. Katika simu nyingi za Android zenye kibodi ya Gboard, ibonyezwe tarakimu 2 bila kuachia, na ² itajitokeza. Mwenye iPhone ainakili alama mara moja na kuihifadhi katika mipangilio ya kibodi, sehemu ya kubadilisha maandishi, ili kila akiandika km2 ijiandike km².

Ofisi zinazotuma ujumbe mfupi kwa watu wengi zizingatie gharama. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia ² moja tu, simu hulazimika kutumia mpangilio mwingine wa herufi, na nafasi hushuka hadi 70; ujumbe mmoja huweza kuwa tatu. Tena baadhi ya simu kongwe huonyesha kisanduku kitupu mahali pa ₂.

Kwa ujumbe wa aina hiyo lugha yetu inatosha: iandikwe kilomita za mraba, mita za ujazo, hewa ukaa, milioni tatu. Nambari za tanbihi ziondolewe kabla ya kunakili. Waraka wenye hesabu nyingi upelekwe kama faili la PDF, na atakayenakili sehemu yake alinganishe kila tarakimu na asili kabla ya kutia sahihi.