Simu mpya inakuja: mkulima ahesabu miaka, si kung'aa

FEDHA za kahawa zinapoanza kuingia, barabara ya kutoka Kidia kupitia Tsuduni na Kikarara hadi Kiboriloni hujaa watu wenye mipango. Yupo anayeshuka kufuata bati, yupo anayefuata mbolea, na siku hizi yupo anayekwenda kuulizia simu. Swali lake dukani ni lile lile kila mwaka: achukue hii iliyopo, au angoje toleo jipya linalosemwa kuwa liko njiani?

Swali hilo si la vijana wapenda picha peke yao. Kwa mkulima mdogo wa Old Moshi, simu ya kupangusa ni moja ya vitu vya bei kubwa anavyonunua kwa fedha taslimu kwa mkupuo mmoja. Akikosea, fedha iliyopaswa kununua mbolea au kulipa vibarua wa kuchuma kahawa itakuwa imeishia kwenye kioo kilichopasuka au programu iliyogoma.

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kwa hiyo kabla ya kungoja, ni vyema mnunuzi ajue anangoja nini.

Kwanza, je, inahitajika?

Kutuma na kupokea fedha hakuhitaji simu ya bei kubwa. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilitumika kwenye simu za vitufe, na hadi leo kitochi kinatosha kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo, ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/23, mkulima aliyesajiliwa alipata namba yake kwa ujumbe mfupi wa simu.

Simu ya kupangusa huanza kulipa pale inapofanya kazi ambayo kitochi hakiwezi. Mama anayeshusha ndizi anaweza kumtumia mnunuzi wa Dar es Salaam picha ya mikungu kabla ya kukata, wakapatana bei mzigo ungali kihambani. Mkulima anaweza kupiga picha ya jani lenye madoa na kumpelekea bwana shamba. Zipo pia programu za kutambua magonjwa ya migomba kwa kutumia kamera. Mfano ni Tumaini, iliyotolewa mwaka 2019 na watafiti wa Bioversity na CIAT.

Kama hakuna kazi ya namna hiyo, kitochi kiendelee. Kama ipo, ndipo hesabu zianze.

Kasi: GB nane au nne?

Sifa ya kwanza inayotangazwa kila simu mpya inapokaribia ni kasi. Kwa mtumiaji wa kawaida, kinachofanya simu iwe nzito mara nyingi ni RAM, yaani kumbukumbu inayotumika wakati simu inafanya kazi. Ikiwa ndogo, simu hukwama ukifungua picha huku WhatsApp iko wazi.

Mahitaji yake yamekuwa yakipanda. Mwaka 2017 Google ilitoa Android Go, toleo jepesi kwa ajili ya simu za bei nafuu, hata zile zenye RAM ya GB 1 au chini ya hapo. Ilipofika Android 13, mwaka 2022, kiwango cha chini cha toleo hilo jepesi kilikuwa kimepanda hadi GB 2. Simu iliyotosha jana huwa nzito leo bila kuharibika chochote.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya maboksi huandikwa GB 8 wakati RAM halisi ni GB 4, na nyingine nne zimeazimwa kutoka sehemu ya kuhifadhia picha na mafaili. Kumbukumbu ya kuazima ni ya polepole na haifanyi kazi sawa na ile halisi. Mnunuzi aulize swali moja tu: RAM yenyewe, bila nyongeza, ni ngapi?

Umbo: wembamba una gharama yake

Sifa ya pili ni umbo. Mei 2025 Samsung ilizindua Galaxy S25 Edge yenye unene wa milimita 5.8. Ilisifiwa kwa wembamba, lakini betri yake ni ya mAh 3,900, ilhali simu nyingi za bei nafuu zina betri ya mAh 5,000. Nafasi iliyopunguzwa kwenye unene imepunguzwa kwenye chaji pia.

Kwa mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, simu nene yenye chaji ya kutwa ina faida kuliko nyembamba inayozima saa tisa mchana. Vilevile aangalie kama simu imethibitishwa kuhimili vumbi na matone ya maji, maana masika ya mlimani hayachagui mfuko. Aangalie pia kama kioo kinasomeka juani. Na kabla ya kuipenda simu, amuulize fundi wa mjini kama kioo na betri ya aina hiyo hupatikana, na kwa bei gani.

Masasisho: mahali fedha inapopotelea

Sifa ya tatu haionekani kwa macho, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ni masasisho, yaani marekebisho ya programu yanayotumwa na kampuni kupitia intaneti ili kuziba mianya ya wezi na kuifanya simu iendane na programu mpya.

Mashine ya mkono ya kumenyea kahawa inaweza kurithiwa na mtoto. Ikipata vipuri na grisi, itamenya miaka mingi. Simu haiko hivyo. Inaweza kuwa nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, lakini ikawa imefika mwisho wa safari kwa sababu aliyeitengeneza ameacha kuihudumia.

Mifano ipo. Februari 2020 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 2.3.7 na za nyuma yake. Novemba 2021 ikafuata Android 4.0.4, na Oktoba 2023 zikaachwa zote zilizo chini ya Android 5.0. Hata Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti iliyoingizwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019, ilitumia KaiOS, mfumo ambao WhatsApp iliacha kuuhudumia mwanzoni mwa 2025. Mfanyabiashara ambaye wateja wake wote wako kwenye kundi la WhatsApp hupoteza soko kwa siku moja.

Habari njema ni kwamba upande huu umebadilika. Januari 2024 Samsung iliahidi masasisho ya miaka saba kwa Galaxy S24, na baadaye mwaka huo huo ikaahidi miaka sita kwa Galaxy A16, simu ya bei ya chini zaidi. Tangu Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka kampuni zitoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuuza aina ya simu kwenye soko lake. Hata hivyo, zipo simu nyingi za bei nafuu zenye ahadi ya miaka miwili tu, na nyingine hazina ahadi yoyote.

Hesabu ya miaka

Chukulia, kwa mfano tu, simu mbili. Ya kwanza inauzwa Sh250,000 na ina ahadi ya masasisho ya miaka miwili. Ya pili inauzwa Sh480,000 na ahadi yake ni miaka sita. Ukigawanya bei kwa miaka, ya kwanza inagharimu Sh125,000 kwa mwaka, ya pili Sh80,000. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Lakini miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu aina ya simu ilipotoka, si tangu siku ya kununua. Mnunuzi akiipata ile ya pili miaka mitatu baadaye, imeshushwa hadi Sh420,000, atakuwa amebakiwa na miaka mitatu, sawa na Sh140,000 kwa mwaka. Punguzo limemla yeye.

Hesabu hiyo ndiyo ya kutumia kwa simu za mtumba pia. Shati la mtumba hukaguliwa kola na vifungo. Simu ya mtumba ikaguliwe miaka iliyobaki.

Ni kweli kwamba simu haifi siku masasisho yanapokoma. Itaendelea kupiga na kupokea. Hatari iko kwa anayeweka humo programu ya benki na mawasiliano ya biashara, kwani mlango wake hauzibwi tena.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi afungue mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, asome toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe ikiwa ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, simu hiyo ni mpya kwenye boksi lakini mzee ndani.

Kisha abonyeze *#06#, apate namba ya IMEI, na aitume kwenda 15090 ili kuhakiki kama simu ni halali. Wanaokumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia, wanajua hasara ya kulidharau jambo hili.

Akishanunua, asiogope kusasisha. Sasisho kubwa linaweza kuzidi GB 1, hivyo litafutiwe kifurushi nafuu au WiFi, simu ikiwa na chaji ya kutosha.

Angoje au asingoje?

Wengi hungoja wakitumaini bei ya zamani itashuka. Tumaini hilo halina uhakika. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza chipu nyingi kwenye kompyuta za akili mnemba. Chipu hizo ni sehemu ya gharama ya kila simu, na simu za bei nafuu ndizo zinazoumia zaidi.

Kwa hiyo, mwenye simu ambayo bado inapata masasisho angoje. Hana anachopoteza, na betri mpya kwa fundi inaweza kumpa miaka miwili zaidi. Yule ambaye simu yake imekwisha kuachwa, na biashara yake ya ndizi au kahawa inapita humo, asiuache msimu upite akingoja tangazo. Achukue iliyopo yenye miaka mingi mbele, na fedha inayobaki irudi kihambani.