Mshike Kamba Shingoni

Kamba wa barafu akishafika soko la Feri, Dar es Salaam, mnunuzi huuliza kwanza kama ananuka. Muuzaji humsogezea beseni: "Nusa mwenyewe, mama." Mama ananusa, harufu hakuna, wanapatana bei. Kazi yangu ni kupima ubora wa mazao ya bahari, na mauziano ya namna hii hunisumbua kila ninapoyaona, kwa sababu kamba aliyelala kwenye barafu huchakaa siku kadhaa kabla pua haijagundua.

Mchukue mmoja. Shika kichwa kwa mkono huu, mwili kwa mkono ule, umkunje taratibu pale vinapoungana. Kamba mbichi ana ngozi nyembamba hapo, imekaza na inang'aa. Aliyekaa sana ngozi hiyo imelegea, kichwa kinaning'inia, na ukikibonyeza yanatoka majimaji ya njano au kahawia. Hayo hutoka kwenye tezi ya kusagia chakula iliyomo kichwani, ambayo imejaa vimeng'enya vikali. Kamba akiwa hai vimeng'enya hivyo humsagia chakula. Akifa vinamsaga yeye, kuanzia shingoni kushuka mkiani. Ndiyo maana nyama ya karibu na kichwa hulainika ikawa kama uji wakati ya mkiani bado ngumu. Ukiuziwa wasio na vichwa, uliza vilitolewa lini: vikitolewa mapema kamba hudumu zaidi, lakini wapo wanaovitoa baada ya kulegea.

Madoa meusi huwatisha wengi kupita kiasi. Ni kimeng'enya kingine kinachokutana na hewa, kama ndizi inavyobadilika rangi ukiimenya. Doa peke yake halimdhuru mlaji, ingawa linaonyesha kwamba barafu ilichelewa au ilipungua. Mimi huwa makini zaidi na kamba aliyekaa muda mrefu bila doa hata moja. Huenda amechovywa kwenye sodiamu metabisalfaiti, dawa inayoruhusiwa kwa kiasi: kanuni za kimataifa za chakula za Codex zinataka mabaki yasizidi miligramu 100 kwa kilo ya kamba mbichi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na mabaki hayo.

Sasa barafu yenyewe. Kwenye nyuzi 5 kamba huharibika kwa kasi inayozidi maradufu ya ile ya nyuzi sifuri. Kwenye nyuzi 10, takriban mara nne. Kamba wa delta ya Rufiji akikaa chomboni juani kwa saa chache, barafu itakayofuata haiwezi kumrudishia alichopoteza. Kwa joto letu, weka walau kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya kamba, tabaka kwa tabaka, kwenye chombo chenye matundu chini ili maji yatoke.

Maji hayo ndiyo yanayoidanganya pua. Barafu ikiyeyuka huosha kamba, huondoka na sehemu ya vitu vinavyonuka, na huondoka pia na utamu. Hata maabara hudanganyika. Kipimo tunachokitumia sana huhesabu nitrojeni inayotoka kama mvuke nyama inapooza, na ikivuka miligramu 30 hivi kwa gramu 100 tunaanza kuukataa mzigo. Lakini kamba aliyeoshwa na barafu siku nyingi anaweza kutoa namba ndogo huku nyama yake imechoka. Kwa hiyo siachi kupima kwa macho na vidole. Kuna utaratibu uliotokea Tasmania, Australia, miaka ya 1980: unakagua jicho, ganda, shingo, rangi na harufu, kila dosari unaipa alama, kisha unajumlisha. Sifuri ni kamba mbichi kabisa. Chukua wachache kutoka juu, katikati na chini ya kasha, maana wa juu ndio waliopangwa uwaone.

Nikiwa bado na shaka, huchemsha watatu bila chumvi, dakika mbili tu. Mbichi ana utamu unaobaki ulimini na nyama inayokatika kwa meno. Wa siku nyingi hana ladha, halafu anakuwa wa unga-unga mdomoni. Tui la nazi na ndimu huficha tofauti hiyo yote, basi onja kabla hujaunga mchuzi.