Ungechora ufa wapi? Kazi ngumu ya kusoma picha za chini ya ardhi

Hebu fikiria umepewa picha nyeusi na nyeupe, imejaa mistari kama ubavu wa pundamilia, kisha unaambiwa: chora ufa ulipo. Ukikosea, kampuni itachimba kisima cha kilomita tatu na kutoka mikono mitupu. Ungechora wapi?

Usijione mjinga ukikwama. Mwaka wa 2007, watafiti wakiongozwa na Clare Bond walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu 412, kuanzia wanafunzi hadi wataalamu wa miaka mingi, walipewa picha moja ya aina hiyo. Ilikuwa imeundwa kwa kompyuta, kwa hivyo jibu lilijulikana. Ni asilimia 21 pekee waliotambua ardhi ilivyosogea hadi ikapasuka hivyo. Eti wataalamu!

Picha yenyewe hupatikana hivi. Malori mazito hukandamiza sahani ya chuma ardhini na kuitikisa, ama baruti hulipuliwa ndani ya shimo. Mtetemo huteremka, na kila ukikutana na mpaka wa mwamba wa aina nyingine, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Vifaa vidogo viitwavyo jiofoni huunasa. Kinachopimwa ni muda, si umbali. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, na mtetemo ulikuwa ukienda kilomita 3 kwa sekunde, basi mpaka uko kilomita 3 chini, maana safari ni ya kwenda na kurudi. Ukikosea kasi, umekosea kina pia.

Sasa, ufa wenyewe mara nyingi hauonekani. Umesimama wima mno, mwangwi wake huenda kando. Unachotafuta ni mahali matabaka yamekatika. Panga chapati kumi, zikate katikati, kisha ushushe nusu moja kidogo. Kisu hukioni tena, lakini unajua kilipita wapi kwa sababu chapati ya tatu upande huu imekaa sawa na ya tano upande ule. Rahisi, sivyo? Basi ongeza mikato mingine mitatu, mmoja uishie katikati ya mwingine, halafu picha iwe na ukungu. Hapo ndipo ubishi huanza. Njia nzuri ya kuumaliza ni kuyarudisha matabaka kwenye kompyuta yalivyokuwa kabla ya kukatika. Yakikataa kukaa sawa, mchoro wako una kasoro, hata kama unapendeza.

Tazama Lokichar, kule Turkana. Chini yake kuna bonde lililojaa mchanga na tope la ziwa la kale, na upande wa magharibi limepakana na ufa mkubwa. Matabaka huzidi kuwa manene kadiri unavyoukaribia, ishara kwamba ufa ulikuwa ukisogea huku bonde likijaa. Mwaka wa 1992 Shell ilichimba kisima cha Loperot-1, ikakuta dalili za mafuta, lakini si ya kibiashara. Miaka 20 baadaye, Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana Ngamia-1, kisima ambacho Tullow ilichimba magharibi zaidi, karibu na ule ufa. Bonde ni lile lile. Na kuwa karibu na ufa si tiketi ya utajiri: ufa waweza kuyazuia mafuta yasitoroke, ama ukayavujisha yote.

Unataka kujaribu? Programu ya OpendTect ina toleo la bure, na kuna data halisi ya bure ya eneo la F3 katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uholanzi. Saa ya kwanza huenda usione kitu. Ukishachora nyufa zako, mpe rafiki picha hiyo hiyo bila kumwonyesha mchoro wako, kisha mlinganishe.