Unataka kusoma uzamili wa ustawi wa jamii? Anzia wodini

Msomaji mmoja wa safu hii, ofisa ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya, amenitumia ujumbe. Ana shahada ya kwanza, amefanya kazi miaka sita na sasa anataka kusoma shahada ya uzamili. Swali lake ni fupi: “Daktari, nianzie wapi?”

Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Na wewe ambaye si ofisa ustawi usifunge ukurasa, kwani siku moja utamhitaji mtu huyu.

Chukua mfano wa mzee aliyetibiwa kiharusi. Daktari ameandika ruhusa, lakini nyumbani hakuna wa kumgeuza kitandani wala wa kumlisha. Au mtoto aliyeletwa na mkono uliovunjika, na maelezo ya mlezi hayalingani na picha ya eksirei. Au mama anayehitaji upasuaji, hana bima wala fedha, na mumewe hapokei simu. Dawa pekee haziwezi kumaliza matatizo haya. Ofisa ustawi asipokuwepo, au akiwepo lakini hajui la kufanya, mgonjwa hurudi wodini akiwa na hali mbaya zaidi, na wengine hawarudi kabisa.

Hospitali zililigundua hili zamani. Mwaka 1895, Royal Free Hospital ya London ilimwajiri Mary Stewart kuchunguza hali za maisha ya wagonjwa. Mwaka 1905, Dk Richard Cabot alianzisha huduma kama hiyo Massachusetts General Hospital mjini Boston, baada ya kuona matibabu yake yanaharibiwa na hali ya mgonjwa nyumbani. Hapa kwetu, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973.

Unakimbia kazi au unafuata jambo?

Kabla hujatafuta chuo, jiulize kwa nini unataka kusoma. Kutaka cheo na mshahara mzuri si dhambi. Lakini kama sababu kubwa ni kwamba umechoka, hulali vizuri, unaogopa simu ya wodini na machozi ya wagonjwa hayakugusi tena, hizo ni dalili za kuelemewa na kazi. Masomo hayatazitibu. Utakwenda kusoma kuhusu ukatili na vifo usiku, baada ya kushinda navyo mchana. Omba likizo, zungumza na msimamizi wako au mtaalamu wa afya ya akili, kisha urudi kwenye swali hili ukiwa umepumzika.

Sababu inayodumu ni ile inayotoka kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari uandike mashauri matatu yaliyokushinda. Chini ya kila moja andika ulikwama wapi. Je, hukujua namna ya kuzungumza na mtoto aliyedhalilishwa bila kumuumiza tena? Je, ulijua la kufanya, lakini hospitali haikuwa na utaratibu wa kufuatilia wagonjwa walioruhusiwa? La kwanza linakuelekeza kwenye masomo ya watoto na ushauri nasaha, la pili kwenye sera na uongozi. Daftari hilo litakuongoza kuliko kipeperushi cha chuo chochote.

Maswali ya kukiuliza chuo

La kwanza, je, programu imeidhinishwa? Kwa vyuo vikuu vya Tanzania, thibitisha na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na usiridhike na tangazo la mtandaoni.

La pili, mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani, yanafanyika wapi, na nani anayasimamia? Ustawi wa jamii haufundishiki kwa vitabu peke yake. Uliza pia kama unaruhusiwa kuyafanyia kwenye kituo chako cha kazi. Wengi hufurahia jambo hilo, lakini nakushauri uombe kitengo kingine. Kama umezoea wodi ya watu wazima, nenda kituo cha mkono kwa mkono kinachohudumia waathirika wa ukatili, au kitengo cha afya ya akili.

La tatu, wapo wahadhiri wanaofanya utafiti katika eneo lako? Bila msimamizi anayelifahamu jambo lako, tasnifu huwa mzigo wa miaka.

La nne, masomo ni ya kutwa, jioni au masafa? Chuo Kikuu Huria kinajulikana kwa masomo ya masafa, ambayo humfaa aliye kazini wilayani, lakini yanadai nidhamu kubwa. Hakuna atakayekuamsha usiku usome.

Ukifikiria nje ya nchi

Nchini Marekani, shahada ya uzamili ya fani hii huchukua kwa kawaida miaka miwili ya kutwa, na programu zilizoidhinishwa na baraza la elimu ya fani hiyo, CSWE, zinadai angalau saa 900 za mafunzo kwa vitendo. Nchini Uingereza kuna programu zinazomwandaa mtu kusajiliwa kama ofisa ustawi wa huko, na nyingine za utafiti au sera ambazo hazitoi sifa hiyo. Majina yake hufanana, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Kumbuka pia kuwa utafundishwa sheria za nchi hiyo. Ukirudi nyumbani utakutana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na cheti chako kitahitaji kutambuliwa na TCU.

Maombi yenyewe

Vyuo vingi nchini huanzia daraja la pili la chini, yaani GPA ya 2.7. Kama yako iko chini ya hapo, uliza kuhusu stashahada ya uzamili, ambayo baadhi ya vyuo huikubali kama daraja la kupandia.

Kagua majina kwenye vyeti vyote. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shahada kinasema vile, anza kurekebisha leo. Watu wamekosa mwaka mzima wa masomo kwa sababu ya herufi moja.

Wadhamini wawe watu wanaoijua kazi yako: mhadhiri aliyekufundisha na msimamizi aliyekuona na wagonjwa. Barua ya mkubwa asiyekujua haisaidii. Wape wiki nne au zaidi, pamoja na maelezo yako na tarehe ya mwisho.

Katika maelezo binafsi, wengi huandika “napenda kusaidia watu”. Kila mwombaji anaandika hivyo. Wewe andika shauri moja kutoka kwenye daftari lako: lilikuwaje, ulifanya nini, ulikwama wapi na unataka kujifunza nini. Lakini linda siri ya mgonjwa. Usitaje jina, kijiji, wala jambo linaloweza kumtambulisha. Anayetoa siri ya mgonjwa ili apate nafasi ya kusoma ameonyesha kwamba bado hajaielewa kazi.

Fedha na mwajiri

Ada ya mwaka wa kwanza si gharama yote. Weka nauli za mafunzo kwa vitendo, utafiti, uchapishaji wa tasnifu, na ada ya muda wa ziada ukichelewa kumaliza. Kwa ufadhili wa nje, soma masharti mapema. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inadai uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, na maombi hufunguliwa mwaka mmoja kabla ya masomo.

Kama ni mtumishi wa umma, zungumza na ofisa utumishi kabla ya kuomba chuo. Ulizia ruhusa ya masomo, mpango wa mafunzo wa halmashauri na hatima ya mshahara wako. Nyumbani pia kaa na mwenzi wako mkubaliane nani atabaki na watoto jioni na nani atapunguza matumizi gani. Wapo wanaokatisha masomo bila kushindwa mtihani hata mmoja, kwa sababu tu nyumbani hapakuandaliwa.

Jipe mwaka mzima. Miezi mitatu ya kwanza ni ya daftari na kuuliza. Mitatu inayofuata ni ya vyeti, majina na wadhamini. Inayobaki ni ya kuandika maelezo, kuomba na kukusanya fedha.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeniandikia, wiki hii usijaze fomu yoyote. Ukitoka zamu, kaa na daftari na uandike yale mashauri matatu. Ukiyamaliza, utajua unakwenda kusoma kwa ajili ya nani. Mzee yule wa kiharusi bado yupo kitanda cha dirishani, akisubiri mtu wa kumpangia safari ya kurudi nyumbani.